Mishahara imepanda, mbona hazina ya tawi inapungua?

*"Nimechaguliwa mhazini wa tawi la chama cha wafanyakazi katika kiwanda kimoja mkoani Morogoro. Aliyenitangulia amenikabidhi kaunta buku mbili, kitabu cha hundi na taarifa za benki ambazo nyingine hazipo. Mwaka 2014 tulikuwa wanachama 212, wastani wa mshahara Sh 150,000, na mgao wa tawi kutoka makao makuu ulikuwa Sh 1,526,400 kwa mwaka. Mwaka 2024 tulikuwa 118, wastani wa mshahara umefika Sh 240,000, lakini tulipokea Sh 906,240 tu. Makato ni yaleyale asilimia 2, na tawi linarudishiwa asilimia 20 ya makato. Akiba benki ilikuwa Sh 7,350,000 mwishoni mwa 2018, sasa imebaki Sh 4,200,000. Wanachama wanasema viongozi waliopita wamekula. Wapo wanaotaka tujitoe tuanzishe chama chetu, wapo wanaotaka akiba inunue bodaboda mbili za biashara, na wengine wanataka tukopeshane. Mkutano mkuu wa tawi ni mwezi ujao. Niwaambie nini?"*

Ndugu Mhazini,

Hongera, na pole pia, maana umekabidhiwa kiti ambacho mtu hukaa akiwa tayari ameshatuhumiwa. Picha za kurasa ulizoambatanisha nimezipitia zote. Wasiwasi wako naona uko mara mbili: kwanza, je, pesa imeibwa? Pili, hata kama haijaibwa, tawi litaishi? Maswali hayo usiyachanganye mkutanoni. Ukiyachanganya, kikao kizima kitaishia kwenye la kwanza na hakuna atakayebaki kusikiliza la pili, ambalo ndilo zito.

Kwa kifupi: sehemu kubwa ya akiba iliyopungua haikuliwa na mtu. Ilitumika kwa maamuzi ambayo mkutano mkuu wenyewe uliyapitisha. Kipo kiasi kinachodai maelezo, nitakifikia.

Tuanze na mapato. Watu wanasema mishahara imepanda, kwa hiyo makato yamepanda, kwa hiyo mgao ulipaswa kupanda. Kwa mtu mmoja mmoja ni kweli kabisa. Mwaka 2014 mwanachama wa kawaida alikatwa Sh 3,000 kwa mwezi, mwaka 2024 alikatwa Sh 4,800. Lakini mgao wa tawi hautokani na mtu mmoja. Watu 212 mara Sh 3,000 ni Sh 636,000 kwa mwezi. Watu 118 mara Sh 4,800 ni Sh 566,400. Mshahara umepanda kwa asilimia 60, wanachama wamepungua kwa karibu asilimia 44, na huko kupungua kumemeza kupanda kote na kuchukua na chenji. Kwa hesabu hiyo mgao wenu wa 2024 ulitakiwa kuwa Sh 1,359,360, yaani chini kidogo ya ule wa miaka kumi nyuma, hata kama kila mtu katika mnyororo mzima angekuwa malaika.

Hapo bado hatujagusa bei. Mfumuko wa bei Tanzania katika kipindi hicho ulicheza kati ya asilimia 3 na 6 hivi kwa mwaka, na ukiujumlisha mwaka juu ya mwaka unapata kwamba kilichonunuliwa kwa Sh 100,000 mwaka 2014 kinataka karibu Sh 150,000 mwaka 2024. Rimu ya karatasi, nauli ya kwenda ofisi ya mkoa, soda za kikao, vyote vimepanda. Mzee anayesimama mkutanoni na kusema "zamani tawi lilikuwa na hela" hadanganyi.

Sasa angalia pengo lililobaki. Mlitakiwa kupata Sh 1,359,360, mkapata Sh 906,240. Tofauti ni Sh 453,120. Mgao wa mwezi mmoja kwa wanachama 118 ni Sh 113,280. Gawanya: inatoka miezi minne kamili, bila senti kubaki. Wizi wa rejareja hauachi namba iliyonyooka namna hiyo. Hii ni miezi minne ambayo mgao haukufika, na kwenye kaunta buku yako inaonekana wazi: Mei, Juni, Septemba na Novemba hazina kitu upande wa mapato.

Pesa hiyo ina vituo vitatu: mwajiri, makao makuu, tawi. Omba hati za mshahara za wanachama watatu au wanne kwa miezi hiyo. Kama makato yameandikwa, basi pesa imetoka mfukoni mwa mfanyakazi na lazima iko kwa mtu. Kisha andika barua kwa makao makuu kupitia katibu wa mkoa, uombe orodha ya fedha zilizopokelewa kutoka kwa mwajiri wenu kwa miezi hiyohiyo minne. Kama wao walipokea, mnawadai wao. Kama hawakupokea, deni liko kwa mwajiri, na hapo sheria ina meno.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inamtaka mwajiri apeleke makato kwa chama ndani ya siku 7 baada ya mwezi wa makato kuisha. Akichelewa bila sababu ya msingi anadaiwa asilimia 5 ya kiasi hicho kwa kila siku inayopita. Kwa makato yenu ya Sh 566,400 kwa mwezi, hiyo ni Sh 28,320 kwa siku, na zikitimia siku 20 adhabu inalingana na deni lenyewe. Mimi sikushauri uingie mkutanoni ukiahidi kwamba adhabu yote italipwa, kwa sababu mambo haya kwa kawaida humalizwa mezani. Lakini mwajiri anayejua kwamba mnaijua hesabu hiyo hukaa mezani kwa heshima zaidi. Anayedai kisheria ni chama kilichosajiliwa, tawi peke yake haliwezi, kwa hiyo barua ipitie kwa viongozi wa mkoa. Na msikae nayo: malalamiko yasiyohusu kuachishwa kazi yana ukomo wa siku 60 mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Miezi ya nyuma sana itahitaji maombi ya kuongezewa muda, na hayo hayakubaliwi bila sababu.

Twende kwenye matumizi, ambako ndiko kuna habari yenyewe.

Ukurasa wako wa 2024 una mistari mitano ya maana. Rambirambi Sh 900,000. Fulana na kofia za Mei Mosi Sh 340,000. Vikao Sh 210,000. Ofisi Sh 95,000. Makato ya benki Sh 36,000. Jumla Sh 1,581,000 dhidi ya mapato ya Sh 906,240. Upungufu wa mwaka mmoja ni Sh 674,760, nao umetolewa kwenye akiba. Rambirambi pekee imekula karibu mapato yote ya mwaka.

Rudi ukurasa wa 2014. Misiba mitano, kila mmoja Sh 50,000, jumla Sh 250,000. Halafu fungua muhtasari wa mkutano mkuu wa 2018, ule ulioandikwa kwa kalamu ya kijani. Ajenda ya nne: rambirambi ipandishwe hadi Sh 100,000 na ihusishe pia wazazi wa mwanachama na wa mwenza wake. "Wajumbe wote waliafiki kwa kauli moja." Hakuna aliyeuliza pesa itatoka wapi, na kwa kweli siku ile hakukuwa na sababu ya kuuliza, akiba ilikuwa zaidi ya milioni saba na ilikuwa inapanda kila mwaka. Tangu mwaka huo imekuwa ikishuka. Kwa miaka sita imeshuka Sh 3,150,000, yaani wastani wa Sh 525,000 kwa mwaka.

Kuna jambo jingine ndani ya namba hiyo ambalo daftari halilisemi. Waliobaki kwenye chama ni watu wa umri. Vijana wanaoingia kiwandani siku hizi wanaajiriwa kupitia wakala wa ajira, na wengi hawajawahi kuona fomu ya chama. Mwanachama wa miaka 50 ana wazazi na wakwe wa miaka 75 na 80. Misiba itaongezeka, wachangiaji watapungua. Kwa kasi ya 2024, Sh 4,200,000 mlizonazo zinawapeleka miaka sita na kidogo, na mimi naona hata sita ni kujipa moyo.

Sasa yale ya kutuhumiana. Kwenye kaunta buku nimeona malipo matatu yasiyo na kiambatisho chochote, ya 2019, 2021 na 2022, jumla Sh 610,000. Kubwa ni la Aprili 2019: "Nauli na posho, kikao Moro, 380,000", bila majina ya waliosafiri, bila sahihi, bila vocha. Kwa hili dai maelezo kwa maandishi kutoka kwa waliotia saini hundi. Wape nafasi ya kujibu kabla ya mkutano, siyo ndani ya mkutano. Inawezekana walisafiri kweli na hawakujua kutunza risiti. Kwenye matawi hilo ni jambo la kila siku. Inawezekana pia hawakusafiri. Vyovyote iwavyo, waonyeshe wanachama ukubwa wake: hata kama kila shilingi ya hizo 610,000 iliibwa, ni kama moja ya tano ya akiba iliyopungua. Nne ya tano zimekwenda njia halali, na zitaendelea kwenda njia hiyohiyo hata mkichagua viongozi watakatifu.

Kabla hujasema neno hadharani juu ya malipo hayo, nenda benki uombe taarifa kamili ya akaunti kuanzia Januari 2018. Linganisha kila hundi na kila mstari wa daftari. Ukikuta pesa imetoka benki na haimo kabisa kwenye daftari, hapo hadithi inabadilika, na hiyo si kazi ya mhazini kuimaliza peke yake. Mpelekee katibu wa mkoa kwa maandishi na omba mkaguzi wa chama aje.

Kuhusu kujitoa na kuanzisha chama chenu. Sheria inaruhusu, watu 20 tu wanatosha kuunda chama cha wafanyakazi. Na hesabu inavutia: badala ya asilimia 20 mngebaki na yote, karibu Sh 6,800,000 kwa mwaka. Lakini chama kilichosajiliwa kina wajibu ambao tawi halina. Mwaka wa hesabu unaisha Desemba 31, vitabu vikaguliwe na mkaguzi aliyesajiliwa, na ifikapo Machi 31 taarifa iwe imesomwa kwa wanachama na imefika kwa Msajili wa Vyama. Mkaguzi analipwa. Mwanasheria wa kusimama CMA na Mahakama ya Kazi analipwa. Kesi moja ya kupunguza wafanyakazi ikifika mahakamani inaweza kumaliza mapato ya mwaka mzima. Halafu, baadhi yenu wakibaki chama cha zamani na wengine mkaenda kipya, huenda kusiwe na chama chenye zaidi ya nusu ya wafanyakazi, na bila wingi huo mwajiri halazimiki kukaa na yeyote kama wakala pekee wa majadiliano. Mwajiri angefurahi sana.

Mimi nisingejitoa. Ila hasira ya wanachama kuhusu ile asilimia 80 inayobaki juu ni halali, na ina njia yake. Kifungu cha 51 cha sheria hiyohiyo kinataka mwanachama aruhusiwe kuona hesabu zilizokaguliwa za chama katika ofisi zake. Andikeni barua, nendeni wawili, mkazisome. Ulizeni mwaka 2020, kiwanda kilipopunguza watu, chama kilitumia kiasi gani kuwatetea wa kwenu. Mara nyingi mtu haoni kazi ya makao makuu mpaka siku anapoachishwa. Na mara nyingine haoni kwa sababu kweli hakuna. Hamtajua mpaka msome.

Kuna mfano mkubwa hapo jirani wa namna bomba moja la mapato lilivyo hatari. Chama cha walimu Kenya, KNUT, kilikuwa na wanachama zaidi ya 180,000 kabla ya mvutano wake na tume inayowaajiri walimu, TSC, mwaka 2019. Walimu walihama, makato yakasimama, na kufikia katikati ya 2021 wanachama wanaokatwa walikuwa wamebaki chini ya 30,000. Matawi yaliyokuwa na ofisi na makarani yalishindwa kulipa pango na mishahara. Hakuna aliyehitaji kuiba ili hilo litokee.

Kwenu bomba linaziba taratibu. Wazee wenu wanakumbuka enzi za NUTA, iliyoundwa 1964, na JUWATA kuanzia 1978, kulipokuwa na chama kimoja nchi nzima na mfanyakazi hakuwa na kwingine pa kwenda. Mazoea hayo yamebaki vichwani: watu wanadhani mwajiriwa mpya anaingia chama mwenyewe. Haingii. Leo mwajiri hawezi kukata ada ya mtu ambaye hajajaza fomu TUF 6, ile ya kuruhusu makato, na kutia saini, na aliyejaza anaweza kujitoa kwa notisi ya maandishi ya mwezi mmoja kwa mwajiri na kwa chama. Umeandika kwenye maelezo ya nyongeza kwamba kiwandani kuna watu kama 140 walioletwa na wakala. Kwa hao, fomu inapelekwa kwa yule aliyeandikwa kwenye mkataba wao kuwa mwajiri. Kama ni wakala, ukiipeleka kwa afisa utumishi wa kiwanda atakurudishia, na atakuwa sahihi. Wakipatikana 60 tu, kwa mshahara wa wastani wa Sh 160,000, tawi linaongeza Sh 38,400 kwa mwezi, Sh 460,800 kwa mwaka. Jumlisha na ile miezi minne mnayopoteza, unapata Sh 913,920. Upungufu wenu umezibika na inabaki kidogo. Sitakuficha kwamba watu wa wakala huja na kuondoka, kwa hiyo kazi ya fomu haitaisha. Mpe mwakilishi mmoja kijana jukumu hilo na nauli yake.

Vipi ada ya uwakala, ile inayokatwa kwa wasio wanachama ambao wananufaika na mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri kuhusu mishahara na masharti ya kazi? Ipo kisheria, kifungu cha 72, kama chama kina wingi na kimekubaliana na mwajiri. Haiwezi kuzidi ada ya mwanachama, inakaa akaunti yake, na inatumika kwa maslahi ya wafanyakazi wa mahali hapo pa kazi tu. Kwa wafanyakazi wenu 32 walioajiriwa moja kwa moja na hawajajiunga, faida ni ndogo na chuki ni kubwa. Wafuate kwa mazungumzo kwanza.

Rambirambi iondolewe kwenye pesa ya chama. Najua ni neno gumu, na ukilisema vibaya utaonekana unawanyima watu sanda. Pendekeza mfuko wa kufa na kuzikana wenye daftari lake, akaunti yake na waweka saini wake, mtu achangie Sh 1,000 kwa mwezi kwa hiari. Hata wakijiunga 80 tu, ni Sh 960,000 kwa mwaka, inatosha misiba tisa ya Sh 100,000. Kwenye pesa ya tawi kibaki kiasi kidogo cha msiba wa mwanachama mwenyewe. Fulana za Mei Mosi, tuseme ukweli, zinachuja zikifuliwa mara mbili. Mwombeni mwajiri azibebe, waajiri wengi hufanya hivyo wakiombwa mapema, siyo Aprili 28.

Bodaboda hapana. Pesa hiyo ni mali ya chama kilichosajiliwa na lazima katiba yenu iruhusu biashara. Zaidi ya hapo, pikipiki inataka mtu wa kuifuatilia kila jioni, na mtu huyo hamna. Kukopeshana pia hapana, si kwa akaunti ya tawi. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, vikundi vya kukopeshana vinatakiwa kusajiliwa, na mkopo wa mwanachama usiporudi utakuwa umempa mjumbe wako sababu ya kutokuja kwenye vikao. Wanaotaka mikopo waanzishe kikundi chao au wajiunge SACCOS. Akiba iwekeni amana ya muda maalumu ya miezi sita sita, mbakize kwenye akaunti ya kawaida kiasi cha robo mwaka.

Mkutanoni usisome kaunta buku. Bandika ukutani karatasi kubwa yenye safu tatu, 2014, 2018 na 2024: wanachama, makato ya mwezi, mgao uliotakiwa, mgao uliofika, rambirambi, akiba. Mistari sita, basi. Waache wasome wenyewe dakika tano kabla hujafungua mdomo. Barua kwa makao makuu na ombi la taarifa ya benki vitoke wiki hii, na siku unapokwenda ofisi ya mkoa beba nakala za hati za mshahara za ile miezi minne, nakala ya muhtasari wa 2018, na kurasa za malipo yale matatu. Kaunta buku zenyewe usimwachie mtu yeyote, hata akikuandikia risiti.